Ukisimamisha, Anatokea

Jumanne tarehe 22 Aprili, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Mama Beldina alisimamisha video ya mazishi ya bintiye ili aitazame vizuri ile picha iliyowekwa juu ya jeneza, na bintiye akatokea upande wa pili wa kioo, mzima, akikaanga samaki.

Hakupiga ukemi. Alikaa akatazama. Winny aligeuza samaki, akainua uso, akatabasamu, kisha akarudi mwanzo na kumgeuza samaki yule yule. Hakuwa na sauti. Chini yake palikuwa na chupa ya mafuta ya kupikia na maneno ya kuyasifu. Mama alipobonyeza ili mazishi yaendelee, Winny alitoweka na waombolezaji wakaendelea kulia pale walipoachia. Alipobonyeza tena, akarudi. Mara ya nne mama alizima umeme wa nyumba nzima.

Saa tano kasorobo alikuwa mbele ya meza ya Sajenti Nangila Waliaula, katika kituo kimoja cha polisi mjini Kisumu, na televisheni ameibeba mwenyewe, inchi ishirini na nne, imefungwa kwa leso. Hakuamini kwamba kitu kile kingetokea kwenye televisheni ya mtu mwingine.

"Washa wewe," alisema. "Mimi sigusi tena."

Nangila aliiunganisha na mtandao wa simu yake, akatafuta video, akaisimamisha. Winny akageuza samaki, akainua uso, akatabasamu. Nangila ni mtu wa Kimilili, binti wa mwalimu wa hesabu, na mizimu si kitu alichowahi kukiandikia ripoti. Hata hivyo mwili ulimsisimka, na alijua ni kwa nini. Wiki tano na ushee zilizopita ndiye aliyefunga faili la Winny Amolo, mkaanga samaki wa soko la Otonglo, umri miaka ishirini na tisa, na kwenye mstari wa mwisho akaandika kwa mkono wake mwenyewe: amejitoa uhai kwa kujitosa ziwani.

Maneno hayo matano yalifanya kazi kuliko aliyeyaandika. Mchungaji hakuja kuzika. Wazee waliamua kaburi lichimbwe nje ya ua, kama desturi inavyotaka kwa aliyejiua, na watu wakatawanyika kabla jua halijawa kali. Binti wa Winny, mwenye miaka minane, alirudi shuleni akakuta hakuna anayetaka kukaa naye dawati moja, maana walisema jambo lile hufuata damu.

"Mimi sikuja kutafuta mtu afungwe," Mama Beldina alisema. "Wewe ndio uliandika alijiua, nyathina, mtoto wangu. Nataka hilo neno itoke kwa jina yake. Na uniambie, mtu amekufa, anapikia nani?"

Nangila alimwomba aiache televisheni kituoni, naye mama akafurahi kuiacha.

Wa kwanza kutafutwa alikuwa Okello, kijana mwenye duka dogo karibu na stendi ya mabasi, ambaye kazi yake ni kupiga video za matanga na kuzirusha mtandaoni ili ndugu walio mbali walie pamoja na wenzao. Video ya mazishi ya Winny ilikuwa kwenye ukurasa wake. Mwezi Machi ilikuwa imetazamwa mara elfu mbili. Sasa ilikuwa inakaribia laki tatu, na Nangila aliona hapo sababu tosha ya mtu kumfufua maiti.

"Madam, hiyo tangazo si yangu," Okello alisema. "Mimi nashuti matanga tu. Matangazo inawekwa na wenye mtandao, mimi siwezi hata kuichagua."

Alimweleza. Zamani tangazo lilikuja kabla ya video, ukahesabu sekunde tano ukaliruka. Watu wakalizoea, wakawa wanatumia muda huo kutia chumvi kwenye mboga. Tangu mwanzo wa Aprili wenye mtandao walikuwa wanajaribu aina nyingine: tangazo linangoja mpaka usimamishe video mwenyewe, kisha linajaza nafasi, na halina kitufe cha kuliruka. Na halitengenezwi na mtu. Mashine inachukua video yoyote ambayo kampuni iliwahi kupakia kwenye akaunti yake, inaikata vipande, inachagua kinachoipendeza.

Nangila alisoma maoni ya watazamaji, na yalikuwa zaidi ya mia tisa. Mmoja aliuliza tangu lini marehemu wakapewa kazi ya kuuza mafuta. Mwingine alimkemea shetani kwa herufi kubwa, mistari kumi na miwili. Mwanamke wa Otonglo alisema alisimamisha mpira ili aende msalani, na aliporudi alimkuta Winny sebuleni, akalala kwa dada yake siku mbili. Bwana mmoja aliandika kwamba yeye hulipia kila mwezi ili asione matangazo, na hajaona kitu, huenda mnaota. Huyo alitukanwa na wote. Basi ulikuwa mzimu unaobagua, unaowatokea wasio na uwezo wa kuukwepa.

Alichukua kompyuta ya Okello hata hivyo, akamwonya asitoke mjini. Kampuni ya mafuta huko Nairobi ilimwambia aandike barua, angoje wiki mbili. Siku hizi picha ya mtu hutengenezwa nusu saa, ukampa na sauti.

Alasiri ile ile, saa tisa na robo, alikuwa Otonglo kwa Becky, msusi wa Winny, kibanda cha tatu kutoka barabara kuu ya Busia. Alimwonyesha kile kipande kwenye simu. Becky alikaa chini juu ya ndoo.

"Hizo nywele ni zangu," alisema.

Alizisuka Jumamosi tarehe 8 Machi, siku ya mwisho ya Winny. Mistari ilikuwa inazunguka kichwa, uzi wa zambarau ndani yake, na kauri tatu upande wa kushoto. Ilikuwa mara yake ya kwanza kujaribu mtindo huo, ndiyo maana aliupiga picha alipomaliza. Picha ilikuwa bado kwenye simu yake, na saa yake iliandikwa: saa saba na dakika thelathini na nne mchana. Winny alikuwa amemwambia amsuke vizuri, kuna mahali anakwenda, na akakataa kusema ni wapi.

Nangila alihesabu. Mazishini jeneza halikufunguliwa, na picha iliyokuwa juu yake ilikuwa ya miaka mitatu nyuma, Winny akiwa na nywele fupi. Okello hangeweza kubuni kauri ambazo hakuziona. Kile kipande hakikutengenezwa kwa kompyuta. Kilipigwa Jumamosi ile, baada ya saa saba na nusu na kabla Winny hajafa, na aliyekipiga alinyamaza wiki sita.

Jioni alibeba faili nyumbani. Hakuwa amelisoma tangu alifunge. Wavuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani, walimwona Winny akielea upande wa Usoma, Jumapili tarehe 9, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Viatu na simu yake vilikuwa juu ya jiwe, vimepangwa. Daktari aliandika maji mapafuni, hakuna jeraha, isipokuwa alama mbili ndogo za kuungua kwenye kiganja cha kulia. Nangila alikumbuka alivyoupita mstari ule. Mkaanga samaki gani hana alama za moto mikononi? Si yeye tu, kila mtu aliyeuona mkono ule aliupita hivyo hivyo.

Simu ya Winny ilionyesha kwamba Ogola, mume aliyetengana naye, alimpigia mara sita siku ile. Na mwisho kulikuwa na maelezo ya Bwana Mark Oluoch, mzee wa kanisa, aliyekuja kuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Alisema alikuwa akipita na gari akamwona Winny ufuoni Usoma, ameketi peke yake juu ya jiwe, analia, alimsalimu hakuitika. Ilikuwa saa kumi na moja kamili, akakumbuka kwa sababu redio ya gari ilikuwa inaanza habari. Mume mgomvi, machozi, viatu juu ya jiwe. Kazi ilikuwa nyepesi, na Nangila alikuwa na mafaili mengine kumi na manne.

Alifungua simu atazame ibada ya jioni, atulize roho. Mhubiri alipotaja sura ya kitabu, aliisimamisha ili afungue Biblia. Winny akageuza samaki.

Nangila aliitupa simu kitandani. Kisha aliona aibu, akaiokota, akalazimisha macho yake yamtazame yule mwanamke, na hapo ndipo alipoacha kuutazama uso. Miguu ilikuwa peku juu ya vigae. Karibu na bega la kulia ulionekana mguu wa chuma wa kitu fulani, umezungushiwa utepe wa bluu. Nyuma kabisa palikuwa na jiko la umeme la kisasa, lile la kuoka, lenye saa ya tarakimu za kijani. Akaikuza picha mpaka ikawa vumbi, akairudisha kidogo. Ilisoma 16:47.

Saa kumi na dakika arobaini na saba Winny alikuwa anatabasamu ndani ya jiko la kitajiri, na dakika kumi na tatu baadaye alikuwa Usoma analia juu ya jiwe. Jiko la aina hiyo Usoma halipo. Ama saa ya jiko ilikuwa mbovu, na Kisumu umeme hukatika kila siku, ama saa ya Bwana Mark.

Nangila hakumkimbilia. Alishawahi kukimbilia jibu jepesi katika kesi hii hii, na lilimgharimu mtu mwingine.

Jumatano alikwenda Muhoroni. Ogola, dereva wa trekta la miwa, alikuwa kwenye foleni ya mizani, akashuka akiwa amekasirika kabla hajaulizwa. Ndiyo, alimpigia Winny mara sita. Ndiyo, walitukanana. Winny alikuwa amemwambia amepata kazi ya kuonekana kwenye matangazo, na yeye akamwambia mke wa mtu hauzi uso. Nangila aliona mikono yake mikubwa na akawaza ingekuwa rahisi sana. Ila Ogola alikuwa mtu wa kuweka makaratasi. Alitoa kwenye kiti cha trekta bunda la tiketi za mizani, na ya tarehe 8 Machi ilionyesha trekta lake lilipimwa saa kumi na moja na dakika tano jioni. Karani alithibitisha kwamba dereva alikuwepo, na kwamba alikaa mpaka saa mbili usiku kwa sababu gurudumu lilipasuka.

"Alikwambia nani alimpa hiyo kazi?" Nangila alimuuliza.

"Alisema tu ni mtu wa kanisa. Akasema ni mtu mzuri, niache wivu." Ogola alifuta jasho, lakini si jasho pekee alilofuta. "Afande, mimi ndio nilimwambia maneno ya mwisho, na ilikuwa matusi. Tangu hapo nimekaa nikijua mimi ndio nilimuua."

Nangila aliendesha gari kurudi mjini. Aliyemfanya huyu mtu aamini hivyo alikuwa ameketi ndani ya gari lile lile, ameshika usukani.

Alhamisi saa mbili na nusu asubuhi alimwita Mama Beldina na Okello kituoni. Alitaka kuwaona watu wa kanisa waliohudhuria mazishi, na kila aliposimamisha video mtandaoni Winny aliwafunika nusu ya waombolezaji. Okello alileta kamera yenyewe, yenye video isiyo na matangazo. Mama aliwataja watu mmoja mmoja, huku Nangila akiandika.

Katika saa ya pili ya video chakula kilipita. Alipofika kwa mwenyekiti wa kamati, mama alisogea karibu na kioo. Mark Oluoch, mwenye suti ya kijivu, alipokea sahani ya ugali na nyama, akamshukuru aliyempa, akasubiri ageuke, akampitishia jirani yake. Dakika nane baadaye walimletea maji ya kunywa. Nayo aliyapitisha.

"Rudisha," mama alisema. Okello akarudisha, mara tatu. "Huyo mtu alikaa kwangu siku nne. Yeye ndio alipanga kila kitu, mpaka hema. Sikujua hajatia kitu mdomoni."

"Labda alikuwa amefunga," Nangila alisema.

"Mjaluo hakatai chakula ya matanga, madam. Ni kama kutukana mwenye kufiwa." Sauti yake ilishuka. "Anayekataa ni mmoja tu. Yule ako na damu ya marehemu. Akila kwa hiyo boma, hicho chakula kinamgeukia."

Nangila alijua kwamba hakuna hakimu wa kumfunga mtu kwa kukataa ugali. Hata hivyo kwao Kimilili wazee wangesema vile vile. Alimwonyesha Okello kile kipande cha tangazo, akamkuzia mguu wa chuma wenye utepe wa bluu.

Okello alicheka kwa uchungu. "Hiyo ni stendi ya taa ya Mark. Ye hupiga matangazo, hukujua? Alinikodishia mwaka jana harusi fulani Kibos. Ilinipiga shoti nikaanguka juu ya keki. Nikamrudishia siku hiyo hiyo, nikamwambia badilisha waya, itaua mtu. Akafunga hiyo utepe."

Nangila alitazama ile miguu peku juu ya vigae, kisha akakumbuka alama mbili ndogo za kuungua kiganjani. Alimwomba Okello ayaandike hayo yote na kutia sahihi, akampeleka mama kupumzika kwa karani wa mapokezi, na saa tano na dakika ishirini alikuwa mlangoni kwa Mark, mtaa wa Milimani, na Konstebo Waswa.

Nyumba ilikuwa ya mjomba wa Mark, aliyeishi ng'ambo. Mark aliitunza na kulala chumba cha nyuma. Aliwapokea kwa heshima zote, mtu mrefu mwenye sauti ya kuongoza maombi. Nangila alisema amekuja kuyakamilisha yale maelezo ya Machi, karatasi tu, na akaomba maji ya kunywa. Mark akawaongoza jikoni.

Saa ya kijani ilisoma 11:27. Nangila aliangalia yake: 11:26.

"Umeme ukikatika hii saa haipotei?" aliuliza, kama mtu anayetamani kununua.

"Hapana, iko na betri. Mjomba alinunua kitu ya maana."

"Na hili tangazo la marehemu, kanisani mnasemaje? Mji mzima hauna habari nyingine."

Mark alikunja uso. "Tangazo gani?"

Waswa, ambaye alikuwa hajui kuficha mambo, alimtazama sajenti wake. Tangu Jumatatu hapakuwa na kinyozi, mama mboga wala muumini wa Otonglo asiyelijua. Lakini Mark alikuwa mtu wa matangazo, na watu wa matangazo wanajua yanavyoudhi. Alikuwa analipia kila mwezi asiyaone. Waumini nao hawakuwa na moyo wa kulitaja mbele ya mwenyekiti aliyemzika.

Nangila aliweka simu yake juu ya meza, akafungua video ya mazishi, akaisimamisha.

Winny aligeuza samaki, akainua uso, akatabasamu. Nyuma yake jiko, na kwenye jiko 16:47, na mbele ya jiko lile lile mwanamume aliyekuwa anarudi nyuma taratibu mpaka mgongo ukagonga kabati.

"Niliifuta," alisema. "Jumapili asubuhi. Niliifuta mimi mwenyewe."

"Uliifuta video. Mashine ilikuwa imeshaikata. Keti, Bwana Mark."

Aliketi. Nangila alimweleza haki zake, Waswa akaandika, na ikawa kana kwamba Mark alikuwa akingoja tu kiti. Alisema kampuni ya mafuta ya Nairobi ilikuwa imemwahidi kanda nzima ya ziwa ikiwa tangazo la kwanza lingewafurahisha. Alimchagua Winny kwa sababu hakuna aliyekaanga samaki akiwa na uso wa furaha namna ile. Alimwambia asimwambie mtu, maana mjomba alikuwa amemkataza kuingiza wageni. Picha ya kwanza waliipiga, akaipakia pale pale kwenye akaunti ya kampuni. Nairobi wakajibu ni nzuri, ila irudiwe, samaki aoshwe kwanza ili mikono ya Winny ing'ae kwa maji.

"Taa ilikuwa inamwangaza vibaya. Akaniambia, ngoja nisogeze, kaka Mark." Alifumba macho. "Alishika stendi tu. Hakulia. Alianguka kama mtu ameitwa."

"Okello alikwambia ile stendi itaua mtu."

"Aliniambia."

"Nawe ukafunga utepe."

Mark alisema alimtikisa, alimwita, akaweka sikio kifuani hakusikia kitu. Akaona mjomba, kampuni, kanisa, gereza, vyote kwa pamoja. Hospitali ilikuwa dakika saba kwa gari. Badala yake alimfunika kwa turubai la kamera, na saa moja kasoro robo giza lilipoanza kuingia, alimshusha majini penye mafunjo Usoma, akaweka viatu na simu juu ya jiwe. Jumatatu alikuja mwenyewe kituoni kutoa maelezo ya machozi, kabla mtu hajamuuliza.

"Alikuwa amekufa, sajenti. Naapa kwa Mungu. Nilimzika kwa heshima. Nilimtendea maiti wake kila kitu mtu anaweza kufanya, ila kula."

Nangila alikuwa na karatasi ya daktari mfukoni. Angeweza kungoja mahakama imwambie. Lakini alikuwa na hasira, na sehemu ya hasira hiyo ilikuwa juu yake mwenyewe, kwa hivyo aliikunjua karatasi na kuiweka mbele ya Mark.

"Soma mstari wa sita."

Mark alisoma. Midomo yake ilitembea, ikarudi nyuma, ikatembea tena.

"Maiti hanywi maji, Bwana Mark," Nangila alisema. "Anayevuta maji mapafuni ni mtu anayepumua. Shoti ilimzimisha. Haikumuua. Alilala kwenye turubai lako kwa muda wa karibu saa mbili akiwa hai, nawe ukampeleka ziwani."

Mwanamume yule aliinama mpaka paji la uso likagusa meza. Simu ilikuwa bado inawaka mbele yake, na hakuna aliyekumbuka kuizima. Waswa alimfunga pingu saa sita na dakika tano.

Ijumaa saa nne asubuhi Nangila alikwenda kwa Mama Beldina, nyuma ya soko la Otonglo, akiwa na faili na ile televisheni. Mzee Opiyo, shemeji mkubwa wa mama, alikuwepo, maana ndiye aliyeamua kaburi liwe wapi. Nangila alikuwa amejitayarishia maneno njia nzima, na yote yalimtoroka. Alisema tu kwamba Winny hakujiua, kwamba aliyeandika hivyo alikosea, kwamba aliyeandika ni yeye, na kwamba anaomba msamaha. Aliwasimulia kuhusu taa, turubai na ziwa. Mzee Opiyo alivua kofia.

Kuna sehemu moja aliiruka. Mama Beldina alingoja mpaka amalize, kisha akaiuliza.

"Wakati alimweka kwa maji, alikuwa anapumua?"

Nangila alimtazama mzee, mzee akatazama chini. Ungekuwa uongo wa huruma, na neno moja lingetosha. Lakini mama huyu alikuwa ameshaishi wiki sita juu ya uongo uliotiwa sahihi na Nangila.

"Ndiyo, mama. Alikuwa anapumua."

Mama Beldina aliinyosha mikono yake juu ya magoti. Alipozungumza alikuwa anavitazama viganja vyake.

"Mimi ndio nilimwosha," alisema. "Mimi na dada yangu. Kucha zake zilikuwa zimejaa majani ya mafunjo. Kila kidole. Nilitoa moja moja na kijiti cha kiberiti, nikadhani ni ziwa imemfanyia hivyo." Aliifunga mikono, akaifungua. "Alikuwa anashika. Mtoto wangu alikuwa anashika atoke."

Alilia hapo, kwa sauti, kilio ambacho siku ya mazishi wazee walimkataza. Hakuna aliyemnyamazisha. Alipomaliza alijifuta kwa upindo wa gauni na kuligeuzia faili macho.

"Andika hiyo," alisema.

Nangila aliutafuta mstari wa mwisho, akaukata kwa rula, akatia tarehe na saa pembeni. Kisha aliandika chini yake, taratibu, Mama Beldina akimtajia neno kwa neno, kwamba Winny Amolo alitaka kurudi nyumbani.